Zimbra ya bure imeachwa, uhamie wapi: jibu kwa mdogo wangu wa Lindi mwenye hostingi

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, nalifupisha hapa ili na mwingine akipita aelewe tunaongelea nini. Una hostingi ndogo hapo Lindi mjini, wateja kama 60, kila mmoja na domeini yake, akaunti za imeili kama 350 jumla. Wengi ni mawakala wa forodha, vyama vya msingi, shule binafsi, lodge za Kilwa, maduka ya vifaa vya ujenzi. Imeili zote ziko kwenye seva moja, Zimbra 8.8.15 ya bure (programu ya seva ya imeili) juu ya CentOS 7 (mfumo wa Linux), na mnaoiendesha ni we na kijana mmoja tu. Unauliza, "kaka, niweke programu ipi badala yake, maana kila ninayemuuliza ananitajia yake?"

Mi niko huku Mtwara, hii kazi ya seva za imeili naifanya miaka mingi sasa na wateja wangu wanafanana sana na wako, kwaiyo ntakujibu kama ninavyomjibu mtu ambaye nitakutana naye msibani kesho kutwa, sitaki uje uniambie nilikudanganya.

Kwanza ujue uko kwenye hatari gani, maana kwenye ujumbe wako umeandika "bado inafanya kazi vizuri". Inafanya kazi ndiyo, ila Zimbra 8.8.15 muda wake uliisha mwisho wa Desemba 2023, na CentOS 7 nayo ikafuata tarehe 30 Juni 2024, maana yake tundu jipya la usalama likigundulika leo hakuna wa kukuzibia. Na Zimbra imeshakuwa na matundu mabaya. Mwaka 2022 lilipatikana moja ambalo mtu alikuwa anatuma tu imeili yenye faili lililofungashwa kwa namna fulani, programu ya kukagua virusi ikilifungua ili ilikague, basi faili la mshambuliaji linaandikwa ndani ya seva na seva inakuwa yake. Hakuna aliyebonyeza kitu, hakuna aliyekosea pasiwedi, barua imefika tu. Ndo maana nasema usikae nayo msimu mwingine. Na usijipe moyo kwamba utapandisha toleo, kuanzia Zimbra 9 hawatoi tena faili za kusakinisha za toleo la bure, wanakuachia msimbo ujijengee mwenyewe, na kwa watu wawili kama nyie hiyo ni ajira nyingine kabisa.

Sasa programu. Mi kigezo changu cha kwanza sio sifa, sio muonekano, sio ina kalenda nzuri kiasi gani. Kigezo changu ni hiki: saa nane usiku imekufa, kijana wako kaenda kwao Nachingwea, na we uko peke yako na laptop, je unaweza kujua imekufia wapi? Ukichagua kitu ambacho huwezi kukifungua ukaona ndani, usiku huo utakaa unaangalia skrini tu mpaka asubuhi wateja waanze kupiga simu. Kwaiyo mi nasema chagua kitu chochote utakachopenda kwa juu, lakini chini yake wawepo Postfix na Dovecot.

Nikueleze kwa nini kwa mfano wa ghala la korosho, kwa sababu hii kazi inafanana nao kabisa. Postfix ni geti, malori yanaingia na kutoka hapo, yeye anapokea barua kutoka nje na anatoa zinazokwenda nje, lori likikosa njia analipanga foleni na kujaribu tena baadae. Dovecot ni mtunza ghala, kila mteja ana sehemu yake, akija na hati yake anaoneshwa mzigo wake na sio wa jirani. Katikati unamuweka Rspamd, huyo ndo mpima ubora, anaangalia hii daraja la kwanza ipite, hii chafu iende folda ya spamu, hii irudishwe getini hapohapo isiingie kabisa. Watu watatu, kila mmoja na kazi yake, kila mmoja na kumbukumbu zake. Barua ikipotea unauliza geti: ulilipokea hili lori? Kama ndiyo unauliza mpima: ulilipeleka wapi? Kama alipitisha unaenda kwa mtunza ghala. Ndani ya dakika kumi unajua. Postfix ilitoka mwaka 1998, aliyeiandika ni Wietse Venema akiwa IBM, na Dovecot ni ya Timo Sirainen wa Finland tangu 2002, kwaiyo hitilafu yoyote utakayokutana nayo ujue kuna mtu kashakutana nayo na kaandika alivyoitatua, na hicho ni kitu kikubwa sana kwa mtu anayefanya kazi peke yake mbali na wenzake.

Utaniambia mbona na Zimbra ina Postfix ndani? Kweli inayo, geti ni lilelile. Tofauti iko ghalani. Zimbra inahifadhi barua kwa namba kwenye stoo yake na maelezo ya nani mwenye barua, iko folda gani, imesomwa au haijasomwa, yako kwenye hifadhidata ya pembeni. Hifadhidata ikiharibika magunia yote yapo ila hayana lebo, hujui la nani ni lipi. Dovecot ukiitumia na Maildir kila barua ni faili moja ndani ya folda ya mwenyewe, mteja akifuta kitu kwa bahati mbaya unaenda kwenye bakapu unachukua folda yake tu unairudisha, basi. Mi hili peke yake lingetosha kunihamisha.

Nipite haraka kwenye majina mengine uliyotajiwa. Exim, geti jingine kama Postfix, haina ubaya wowote, paneli za hostingi za DirectAdmin na cPanel zinaitumia na ni imara, ila mwaka 2019 ilipata tundu kubwa la mtu kuendesha amri akiwa mbali, na mipangilio yake inataka uizoee muda mrefu, kwaiyo ichukue tu kama tayari una paneli inayokuja nayo. cPanel kwa imeili peke yake ni gharama, kuanzia 2019 lisensi yao inahesabu akaunti, na kwa wateja 60 wanaolipa kidogo utakuwa unawafanyia kazi cPanel. hMailServer ya kwenye Windows mwenye nayo ameshaacha kuiendeleza, usihame kutoka nyumba iliyoachwa kwenda nyingine iliyoachwa. Carbonio ya Zextras inafanana na Zimbra na wateja wangeizoea haraka, ila unarudi kulekule kwa kampuni moja inayoamua toleo la bure lipewe nini na linyimwe nini, na hicho ndo kimekuleta hapa. Stalwart naipenda, imeandikwa kwa lugha ya Rust, programu moja inafanya kazi ya geti na ghala pamoja na bado ni nyepesi, mi nimeiweka kwenye seva yangu ya majaribio na inanifurahisha, lakini inabadilika haraka toleo kwa toleo na watu wenye uzoefu nayo bado wachache, sijaweka mteja humo.

Exchange ya Microsoft sikushauri, gharama ya lisensi na Windows yake hailingani kabisa na wateja wako.

Ukiniuliza kwa hali yako mi ningeweka mailcow. Ni mkusanyiko wa Postfix, Dovecot, Rspamd na SOGo kwa ajili ya kusoma imeili kwenye brauza, vyote viko kwenye kontena za Docker (kila programu kwenye boksi lake), na juu yake kuna paneli moja. Imetengenezewa Ujerumani, ni ya bure, na ina vitu vya mwenye hostingi. Kila domeini unaiwekea msimamizi wake, yaani yule mhasibu wa lodge anaweza kufungua akaunti ya mfanyakazi mpya mwenyewe bila kukupigia Jumapili, na unamuwekea kikomo cha akaunti na ukubwa wa nafasi kwa domeini nzima. SOGo inaongea na simu kwa ActiveSync kwaiyo kalenda na namba za simu zinaenda kwenye simu ya mteja bila kuweka programu ya ziada.

Ila kitu kilichonifanya niipende kuliko vyote ni kikomo cha kutuma, na hapa naomba unisikilize sana kwa sababu kilinigharimu.

Kuna msimu mmoja wa korosho, katikati kabisa ya Novemba, mteja wangu mmoja, sitamtaja, mhasibu wake alikuwa na pasiwedi ambayo ni jina la kampuni na mwaka. Watu walioko huko duniani walikisia wakaipata. Usiku huohuo wakaanza kutuma spamu kupitia akaunti yake, maelfu kwa maelfu, na seva yangu kwa kuwa haikuwa na kikomo ikawa inazitoa kwa utii kabisa moja baada ya nyingine hadi alfajiri. Asubuhi IP yangu (namba ya seva kwenye intaneti) iko kwenye orodha nyeusi ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha watuma spamu, Gmail wanakataa, Outlook wanakataa, na sio imeili za huyo mhasibu tu, ni za wateja wote, maana wote wanatokea IP moja. Wakala wa forodha ana meli iko gatini hapa bandari ya Mtwara, anatakiwa atume hati za mzigo kwa mnunuzi aliyeko India, barua inarudi. Alikuja ofisini kwangu mwenyewe, hakugombana, alikaa tu kwenye kiti akaniuliza "sasa nifanyeje?" Sikuwa na jibu. Tulitumia Gmail yake binafsi siku tatu, na mnunuzi alikataa mara ya kwanza kwa sababu alidhani ni tapeli, na alikuwa na haki ya kudhani hivyo. Wateja wawili waliondoka msimu ule na sikuwalaumu.

Tangu hapo hakuna akaunti inayotoka kwangu bila kikomo. Mi naweka imeili 100 kwa saa kwa akaunti ya kawaida, anayehitaji zaidi aniambie tuongee. Mwizi akipata pasiwedi anatuma 100, anakwama, napata taarifa, namfungia, IP inabaki salama. Kwenye mailcow hiyo ni kujaza namba tu kwenye paneli, kwa akaunti au kwa domeini nzima. Kwa Postfix ya mkono inawezekana pia lakini unatafuta nyongeza na kuunganisha mwenyewe. Washa na uthibitisho wa hatua mbili kwa wanaoingia kwenye paneli, na hakikisha mtu aliyelogini kama mhasibu hawezi kutuma kwa jina la mkurugenzi.

Masharti ya mailcow uyajue kabla hujalipa VPS (seva pepe ya kukodi). Wenyewe wanasema RAM isipungue 6 GB na swapu (nafasi ya disiki inayosaidia RAM ikijaa) 1 GB juu yake, mi nakwambia kwa akaunti 350 chukua 8, kwa sababu ukaguzi wa virusi unakula sana. VPS iwe ya KVM (yenye mfumo wake kamili), zile za OpenVZ na LXC zinazotumia mfumo wa pamoja haikubali, na wauzaji wa bei chee wengi ndo wanauza hizo kwaiyo uliza kabisa. Halafu kuna jambo ambalo watu wengi wanalijua wakiwa wameshalia: mailcow inazifunga barua kwa ufunguo zikiwa kwenye disiki. Ukifanya bakapu ya folda ya barua peke yake ukaacha folda ya funguo, siku seva ikifa una bakapu ya takataka, huwezi kusoma hata barua moja. Wana skripti yao ya bakapu, iambie ichukue vyote, sio barua tu. Na bakapu hiyo itoke nje ya seva kila usiku. Halafu kila baada ya miezi mitatu chukua VPS ya siku moja, irudishe yote huko, ulogini usome barua. Bakapu ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu.

Kama pesa ya 8 GB haipo basi chukua iRedMail, inapumua kwenye 4 GB, ndani ni walewale Postfix na Dovecot ila bila kontena, inasakinishwa moja kwa moja kwenye Debian au Ubuntu mpya isiyo na kitu kingine. Paneli ya bure ina mipaka, vitu vya mwenye hostingi viko kwenye toleo la kulipia, lakini wengi wanaishi nayo vizuri. Na kama kijana wako ana hamu ya kujenga kwa mkono kutoka sifuri, mwache ajenge ya majaribio, atajifunza sana, ila mwambie Dovecot 2.4 iliyokuja na Debian 13 imebadilisha uandishi wa mipangilio, maelekezo mengi yaliyoko mtandaoni ni ya 2.3 na hayafanyi kazi humo, asije akadhani tatizo ni yeye.

Sasa seva ikae wapi. Umeandika unafikiria kuiweka ofisini kwako Lindi ili "uwe nayo karibu". Hapana mdogo wangu. Umeme ni sababu moja, lakini kubwa zaidi ni IP. IP za intaneti ya kawaida ya ofisini au nyumbani Spamhaus wanaziweka kwenye orodha maalumu ya IP ambazo hazitakiwi kutuma barua moja kwa moja, kwaiyo barua zako zitakataliwa hata kama hujafanya kosa lolote. Chukua VPS kwenye kituo cha data, Dar au nje. Kabla hujalipa mwaka mzima uliza mambo matatu: poti 25 ya kutoka nje (mlango ambao seva zinatumiana barua) iko wazi? Wauzaji wengi wa seva za mawingu wanaifunga na wengine hawaifungui hata ukiwaomba. Je watakuruhusu kuweka PTR, yaani IP ukiiuliza jina ijibu jina la seva yako, na jina hilo ukiliuliza lirudi kwenye IP ileile? Na tatu, IP utakayopewa haiko kwenye orodha nyeusi kwa dhambi za mpangaji aliyepita? Lipa mwezi mmoja, angalia, kama ni chafu omba nyingine au ondoka.

Haya sio mapambo. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanabana, kila anayetuma awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeini) au DKIM (saini ya domeini kwenye barua), na Gmail wanataka PTR iwe sahihi na barua ipite kwa TLS (njia iliyofungwa kwa siri), na anayefikisha barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail awe na SPF, DKIM na DMARC (maelekezo ya barua isiyopita hizo mbili ifanyweje) vyote. Hutafika 5,000 lakini weka vyote vitatu kwa kila domeini, zote 60, bila kubagua. Kwenye SPF uwe mwangalifu, haitakiwi kusababisha maulizo ya DNS (daftari la majina ya intaneti) zaidi ya 10, na kuna wateja wameongeza kila huduma waliyowahi kujaribu mpaka rekodi imevunjika na hawajui. DMARC anza na ile ya kuangalia tu bila kukataa, soma ripoti mwezi mmoja, utashangaa kuona mashine ya skana ya shule inatuma barua kwa njia usiyoijua, rekebisha hizo ndo ukaze.

Ukiweka nje ya nchi kumbuka pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na ina masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje. Shule zina taarifa za watoto humo. Ongea na mwanasheria, na kwenye mkataba wa mteja andika wazi seva iko nchi gani.

Wengine wanaogopa seva ya mbali kwa sababu ya yale ya Mei 2024. Unakumbuka, kimbunga Hidaya kimepita, barabara imekatika Somanga, magari yamelala, na tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika nchi nzima ikawa inatambaa. Simu yangu haikulala. Lakini angalia kilichotokea kwa upande wa imeili: hazikupotea. Seva iliyoko nje ikikosa njia ya kukufikia haitupi barua, inaiweka foleni, na Postfix ikiachwa ilivyo inaendelea kujaribu siku 5 kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe. Kilichowaumiza wateja ni kutokujua. Waliandika, wakabonyeza tuma, wakakaa wakiamini imefika. Postfix ina mpangilio wa kumwarifu mtumaji kwamba barua yako bado iko foleni, ila ikija huwa umezimwa. Washa, weka iarifu baada ya masaa 4. Mteja akipata ile taarifa atapiga simu badala ya kusubiri jibu ambalo haliji. Na kama seva ingekuwa mezani kwako Lindi huku njia imekatika, wateja walioko Dar wasingesoma hata barua za jana.

Kuhama kwenyewe sasa. Usihame Oktoba. Kuanzia minada ya korosho inapoanza mpaka Januari usiguse kitu, na kwa kuwa uko Lindi kuna ufuta pia, ukifika mwisho wa Mei watu wako wameshaanza kuhangaika na minada. Dirisha lako ni Februari mpaka Aprili. Mi ningeanza na domeini yangu mwenyewe, nikae nayo wiki mbili, kisha wateja watatu wavumilivu, kisha waliobaki kumikumi.

Pasiwedi huna haja ya kumwambia kila mtu abadilishe siku hiyo. Zimbra inazihifadhi kama hashi (pasiwedi iliyofichwa isiyosomeka) kwenye LDAP (daftari lake la watumiaji), kwa amri ya zmprov unazitoa, na Dovecot inaelewa hizo hashi za SSHA512 na hata SSHA za zamani, kwaiyo mtu analogini na ileile. Baada ya mwezi ndo uwalazimishe wabadilishe, hasa wale wa jina la kampuni na mwaka.

Barua zenyewe hamisha na imapsync, programu ya kunakili barua toka seva moja kwenda nyingine. Unaiendesha mara ya kwanza wiki nzima kabla, huku wateja wakiendelea na kazi bila kujua, inachukua kilichopo. Mara ya pili inachukua kilichoongezeka tu. Haibebi kalenda, haibebi kitabu cha majina, haibebi vichujio, hivyo utavitoa kila kimoja peke yake. Na kwenye vichujio tulia usome kimoja kimoja. Mi nimewahi kukuta kichujio kwenye akaunti ya mhasibu kinachopeleka nakala ya kila barua yenye neno "malipo" kwenda anwani ya nje ambayo mwenyewe haijui. Mtu alikuwa amekaa humo anasoma, anasubiri siku ya ankara kubwa ili atume namba ya akaunti ya benki ya uongo. Ungehamisha kila kitu bila kuangalia ungemhamisha na huyo.

Kuna jambo la POP3 (njia ya kushusha barua kwenye kompyuta) ambalo litakuletea ugomvi kama hulijui. Wateja wenye Outlook za zamani wanaotumia POP3 na kuacha nakala kwenye seva, kompyuta yao inakumbuka kila barua kwa alama ya seva ya zamani. Ukihamisha kwa imapsync alama zinabadilika, kompyuta inaona barua zote ni mpya, inazishusha zote upya toka mwaka 2015, zinajirudia mara mbili, na yule wa Tandahimba anayetumia intaneti ya simu bando lake la mwezi linaisha kabla ya chai. Kwaiyo wiki kadhaa kabla ya kuhama tembea kwa hao, wahamishie IMAP (njia ambayo barua zinabaki kwenye seva) kwanza wakiwa bado kwenye seva ya zamani. Inachosha, ila ndo kazi, na utakaa nao utajua na shida zao nyingine.

Siku tatu kabla shusha TTL (muda ambao wengine wanakumbuka rekodi) ya rekodi zako za DNS iwe sekunde 300. Weka IP zote mbili kwenye SPF, ya zamani na mpya, na DKIM ya seva mpya ipe jina tofauti ili zote mbili ziweze kusaini kipindi cha mpito. Ijumaa jioni badilisha MX (rekodi inayosema barua za domeini ziende seva gani), endesha imapsync tena usiku, na tena Jumapili, kwa sababu kuna seva huko nje zitaendelea kuleta barua kwenye ile ya zamani kwa siku moja mbili. Jumatatu asubuhi mwe ofisini wote wawili saa moja, simu zina chaji.

Ya zamani usiifute. Funga poti zake zote isipokuwa kwako, iache wiki mbili, halafu nakili disiki yake weka kabatini mwaka mmoja, atatokea mtu anataka barua ya 2019 kwa ajili ya kesi.

Mwisho kuna wateja wawili watatu ambao utawaona wanataka kuhariri nyaraka pamoja, mikutano ya video, nafasi ya GB 50 kila mtu. Hao usiwang'ang'anie, wauzie Google Workspace au Microsoft 365, uwasimamie we, utabaki nao kwenye domeini na tovuti.

Ukishapata VPS, kabla hujasakinisha chochote, nitumie IP yake faragha nikuangalizie kwenye orodha nyeusi na kama PTR imekaa sawa, hiyo ni dakika tano tu.